Dodoso la Ndoa na Ng'ombe Tisa

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa hesabu wa darasa la sita na la saba Shinyanga mjini, siku mwalimu mkuu aliponiita ofisini na kuniambia kuna mgeni kutoka chuo kikuu anatafuta mtu anayejua Kisukuma na asiyeogopa namba. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Sabuni ilikuwa adimu, sukari ilikuwa ya foleni, na nyumbani kwangu kulikuwa na ukimya ambao sikutaka kuutazama mwezi mzima wa likizo. Nilikubali kabla sijauliza kazi yenyewe ni ipi.

Mgeni alikuwa mhadhiri wa uchumi, mwembamba, mzaliwa wa kaskazini ya mbali. Kisukuma hakujua hata salamu.

"Nataka kujua kwa nini ndoa zinavunjika," aliniambia, "na kwa nini nyingine hazivunjiki."

Alikuwa anaunda kitu alichokiita modeli. Kwa maelezo yake, kila mume na kila mke ana mizani kichwani. Upande mmoja huweka anachopata akibaki: shamba, watoto, ulinzi, heshima. Upande wa pili huweka anachotarajia akiondoka, baada ya kutoa hasara ya kuondoka. Siku upande wa pili unapozidi, ndoa inavunjika. Watu wenyewe hawajui kwamba wanapiga hesabu hiyo, alisema, lakini wanaipiga. Sisi tungeuliza maswali kaya kwa kaya, majibu yageuzwe namba, namba zitobolewe kwenye kadi, kadi zipelekwe kwenye kompyuta Dar es Salaam. Mwaka unaofuata tungerudi kwenye kaya zilezile kuona nani ameondoka na nani yupo. Hapo ndipo ingejulikana kama modeli inasema kweli.

Alikuwa pia na mashine ndogo ya kukokotoa iliyoweza kukumbuka hatua za hesabu. Ukiiingizia namba za kaya moja, ilifikiri kidogo, kisha ikakupa namba moja: uwezekano wa ndoa ile kuvunjika. Niliitazama kwa heshima, na kwa hofu kidogo. Mimi mwenyewe nilikuwa katika ndoa ya miaka mitano isiyo na mtoto. Mume wangu alikuwa karani kwenye ghala la pamba, mtu mpole, lakini mama yake alikuwa ameacha kuniita mkwe. Siku hizo aliniita "mwalimu", kama mzazi anayekuja shuleni kulalamika.

Tulianza upande wa Mhunze, katika kijiji cha pamba ambacho wanaume wake wengi walikuwa wamekwenda Geita kuchimba dhahabu. Mhadhiri alikuwa na utaratibu mkali. Madodoso hayakuandikwa jina, namba tu. Majina na namba zake yaliandikwa katika daftari dogo, na daftari halikukaa mahali pamoja na madodoso. Madodoso yalifungiwa kwenye sanduku la bati ndani ya Landrova, daftari nilibeba mimi kwenye mkoba wangu.

Siku ya nne niliingia kwenye kaya ya mwanamke mmoja wa umri wangu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, akichambua pamba chafu na safi. Watoto watatu walikuwa wanacheza karibu naye. Mama mkwe wake alikuwa anapeta mtama upande wa pili wa ukuta, nikamwamkia, akaitika, akaendelea kupeta.

Mwanamke alijibu vizuri. Ekari nne za pamba. Watoto watatu. Mume yuko Geita, anachimba kwenye duara, shimo la dhahabu, na wenzake, hurudi mara moja au mbili kwa mwaka. Nilipofika kwenye mahari, mikono yake ikasimama.

"Andika tisa," alisema.

Nikaandika tisa.

"Huku watasema kumi na wanne. Mume wangu ndivyo anavyosema, na marehemu baba aliona aibu kumkanusha. Watano waliobaki walikuwa wa kuja baada ya dhahabu. Hawakuja."

Swali la thelathini na moja lilikuwa: *Ukiondoka katika ndoa hii, utakwenda wapi?* Mhadhiri alilipenda kuliko yote. Mimi nilikuwa nalisoma haraka, kama mtu anayekanyaga makaa.

Alitazama ukuta. Mtama ulikuwa unapetwa nyuma yake, shii, shii.

"Kwa shangazi yangu, Nkome," alisema kwa sauti ya chini. "Ananunua dagaa na kuuza. Ameniita. Ningekuwa nimekwishakwenda."

"Nini kinakuzuia?"

"Kaka yangu. Ng'ombe wale tisa ndio alioolea. Nikiondoka, watadaiwa. Hana wengine wa kulipa, basi mke wake itabidi arudi kwao ili ng'ombe wale warudi. Mke wa kaka yangu ana mimba. Mimi nikisimama hapa, yeye amesimama kule. Unaelewa, mayu, mama yangu?"

Nilielewa. Kwetu pia ndivyo ilivyokuwa.

"Andika nitaondoka," aliongeza. "Lini, sijui. Lakini nitaondoka."

Niliandika hayo yote. Nilipoinua kichwa niligundua kwamba upande wa pili wa ukuta upetaji umekoma, na sikujua ulikoma tangu lini.

Mchana huo nilimweleza mhadhiri habari za kaka na mke wa kaka. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari na karatasi mapajani. Mwanzoni alisikiliza kama mtu anayesikiliza mila. Halafu akaacha kuandika.

"Ngoja. Kwa hiyo mwenye kuamua si watu wawili."

"Hawajawahi kuwa wawili, Mwalimu."

"Mimi nimeweka wawili. Modeli yangu yote ina watu wawili." Alisema hivyo taratibu, akifuta jasho. "Ng'ombe wamekwenda kuoa kwingine. Talaka moja inavuta ya pili, ya pili inavuta ya tatu. Ni mnyororo."

Alishinda mchana uliobaki akibadilisha hatua za mashine, na jioni yake alinionyesha. Ukiingiza ng'ombe waliotumika kumwolea kaka, namba inashuka: ndoa inasimama, hata kama hakuna raha ndani yake. Alifurahi sana. Mimi sikujua nifurahie nini.

Alipokwenda kunawa, nilichukua ile mashine nikaingiza ndoa yangu. Miaka mitano, watoto sifuri, mshahara wangu, mshahara wake, ng'ombe waliotolewa, ambao baba yangu bado alikuwa nao zizini. Kwa upande wa mume wangu nilikisia: anachopata akibaki, anachopata akioa mwingine. Mashine ikafikiri. Namba ilizidi nusu, na ilizidi sana. Nilizima mashine nikaiweka mahali pake. 

Siku mbili baadaye mume wa yule mwanamke akarudi kutoka Geita. Tulimwona akipita na baiskeli mpya, kofia kichwani, watu wakimsalimia. Kesho yake asubuhi mwenyekiti wa kijiji alituma watu watuambie gari lisiondoke. Kulikuwa na mkutano.

Tuliwakuta watu wamejaa mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Walinzi wa kijiji walikuwa wamesimama pembeni na pinde zao. Yule mwanamke alikuwa ameketi mbele ya wanawake wenzake, miguu ameinyoosha, macho chini. Shavu lake moja lilikuwa limevimba. Nyuma yake alikaa mama mkwe. Hakunitazama.

Mume alisimama bila kuulizwa. "Hawa wageni wameandika habari za mke wangu. Mama amesikia wakimuuliza akiniacha atakwenda wapi. Mimi ndiye niliyemtolea ng'ombe kumi na wanne. Nataka nisomewe alichojibu."

Minong'ono ikapita kwa wanaume. Mwenyekiti, mzee mtaratibu, alimgeukia mhadhiri. "Kibali chenu tumekisoma. Kinasema pamba, mifugo na maisha ya kaya. Hakisemi kuwafundisha wanawake kuacha waume."

Mhadhiri akasimama. Alieleza, nami nikatafsiri, kwamba hatukumfundisha mtu lolote, kwamba majibu ni siri, kwamba kwenye karatasi hakuna jina la mtu yeyote.

"Sasa ninyi mnajuaje karatasi ipi ni ya nani?" mwenyekiti akauliza.

Mhadhiri alikuwa mtu mkweli. "Kuna daftari," akasema.

Sikulitafsiri, lakini Kiswahili wote walikijua.

"Basi lete daftari na karatasi," mwenyekiti akasema. "Kijiji kitazame. Mkimaliza mtakwenda salama."

Mhadhiri aliniinamia. "Tukikataa tunapoteza kijiji kizima. Mpe karatasi yake tu. Labda lile swali utaliruka."

"Mume anajua kusoma."

"Una hakika?"

"Nimeliona kwenye dodoso. Darasa la nne."

 Nilimtazama yule mwanamke. Hakuwa amesogea hata kidogo, ila kidole chake kimoja kilikuwa kinachora kitu mchangani, anafuta, anachora tena.

Nikamwomba mwenyekiti ruhusa ya kwenda chooni. Wanaume walicheka kidogo, akaniruhusu. Mkoba ulikuwa begani kwangu na hakuna aliyefikiri kuuliza. Choo cha ofisi kilikuwa cha matete, shimo refu, nzi wengi. Nilitoa daftari, nikachana kurasa zote za kijiji kile, nne kwa jumla, nikazichana tena vipande vipande na kuvitupa shimoni. Zilikuwa kaya nyingi, na kila jina nilikuwa nimeliandika mimi mwenyewe kwa mwandiko wangu wa ubaoni.  Nilifunga mkoba, nikatoka.

Sanduku la bati lilikuwa limeshaletwa. Nikamkabidhi mwenyekiti daftari. Akalifungua, akaona majina ya vijiji vingine, akageuza kurasa mbele na nyuma.

"Majina yetu hayamo."

"Hayamo, baba," nikasema.

Mhadhiri alinitazama. Alikuwa ameelewa. Uso wake ulibadilika, lakini hakusema neno, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

"Haina shida," mume akasema. "Kaya yangu naijua. Nitaitafuta mwenyewe."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Jina liliondoka, lakini kaya ilibaki pale kwenye karatasi, na ekari zake na watoto wake. Mwenyekiti alimruhusu. Alichuchumaa mbele ya sanduku na kuanza kupekua, midomo ikicheza kwa kila neno. Mkutano mzima ulimsubiri. Jua lilikuwa limepanda, na hakuna aliyehamia kivulini.

Nililiona dodoso lake mkononi mwake. Nililifahamu kwa doa la chai kwenye kona. Alisoma: ekari nne, watoto watatu, mume yuko Geita. Akafika kwenye mahari. Tisa. Akatulia.

Aliangalia watu. Walikuwa wanamwangalia. Dakika chache kabla alikuwa ametamka kumi na wanne mbele ya kijiji kizima. Kama hiyo ndiyo karatasi yake, basi ilikuwa inamwambia kila mtu kwamba amemwoa binti wa watu kwa deni.  Akaiweka chini, taratibu, ikiwa imefunikwa kifudifudi, akaendelea kupekua.

Akapata nyingine. Ekari tano, watoto watatu, ng'ombe kumi na wanne. Akainuka nayo.

"Hii hapa," alisema, akasoma kwa kuvuta: "*Siendi popote. Nimezoea hapa.*"

Watu wakapumua. Mzee mmoja akamwambia yule mume kwamba mke wake ni mtu mzima kuliko yeye. Upande wa wanawake, mwanamke mmoja mzee kidogo aliinamisha kichwa na kuvuta kanga mpaka usoni. Maneno yalikuwa yake. Nilimkumbuka vizuri, alikuwa ameyatamka kwa huzuni, na sasa wanaume walikuwa wanayasifu.

Mume akaniletea karatasi mkononi. Tulitazamana. Alijua, na aliona kwamba nami najua.

Tuliondoka bila kula. Landrova ilikuwa imekwenda mwendo mrefu kabla mhadhiri hajasema.

"Umezitupa wapi?"

"Chooni."

"Mwaka kesho siwezi kujua nani ni nani. Kijiji kizima. Ndiyo sehemu niliyoihitaji kuliko zote, ile ya mnyororo. Bila kurudi, nitakuwa na maneno ya watu tu, sitakuwa na walichofanya."

"Najua, Mwalimu."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

 Baadaye sana, tulipokaribia mjini, alisema, "Lile swali halikupaswa kuulizwa nje, penye ukuta." Hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo. Alinilipa siku zangu zote akaenda zake Dar es Salaam. Aliniandikia mara moja, akaniambia kwamba modeli imekamilika kwa vijiji vingine, na kwamba ile sehemu ya ng'ombe wa kaka ameibakiza kama dhana, kwa sababu hana cha kuithibitisha.

Nyumbani nilikaa siku kadhaa na ile namba ya mashine tumboni. Mwishowe nilimwambia mume wangu yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na mimi uliniwekea namba gani?" akauliza.

"Nilikisia."

"Ulikisia." Alirudia neno lile bila hasira. "Mama amenitafutia mchumba tangu mwaka juzi. Nimemwambia sitaki. Hukuniuliza."

 Tumekaa pamoja mpaka leo, bila mtoto, na mama yake alikufa bila kurudi kuniita mkwe.

Mwaka wa pili tangu ule mkutano, mtu alibisha hodi kwangu Jumamosi. Alikuwa yule mwanamke, na kaka yake. Mke wa kaka alikuwa amezaa mtoto wa pili na amewaambia wazi: wazazi wake hawatamrudisha kwao kwa ajili ya ng'ombe, na yeye hataondoka. Kwa hiyo dada mtu alikuwa amedai talaka. Baraza la usuluhishi lilishindwa kuwapatanisha, shauri likaenda Mahakama ya Mwanzo. Mume alikuwa anataka arudishiwe ng'ombe wake kumi na wanne.

"Kijiji kizima kilimsikia akisema kumi na wanne," kaka alisema. "Hakuna aliyepinga. Mashahidi anao. Sisi hatuna."

"Nilikuambia tisa," mwanamke akasema. "Uliandika kabla ya ugomvi wowote. Njoo useme."

Nilikwenda. Nilimwandikia mhadhiri, naye akanitumia dodoso kwa posta, lile la doa la chai. Hakimu aliligeuza mkononi.

"Namba hii ni ya nani?"

"Ni ya huyu, mheshimiwa. Nilimhoji mimi."

"Yako wapi maandishi yanayoonyesha hivyo?"

"Niliyatupa."

"Kwa nini?"

Nikamwangalia mume, aliyekuwa amekaa mikono kifuani. "Ili asijulikane," nikasema.

Hakimu alilirudisha dodoso mezani. Alisema haliwezi kupokelewa. Karatasi nne nilizozitupa kumlinda ndizo zilizokuwa zinamwangusha. Mwanamke alikuwa amesimama wima, mtoto mdogo mgongoni, hakunigeukia.

Hakimu alikuwa Msukuma, mtu wa makamo. Akamwambia mume, "Wataje ng'ombe wako. Rangi, jike au dume, na ulimtoa wapi. Mmoja mmoja."

Mume akaanza. Jike jeusi lenye baka jeupe kifuani, kutoka kwa baba yake. Dume jekundu, la kununua mnadani. Alikwenda vizuri, bila kusita, kama anawaona wakitoka zizini. Alipomaliza wa tisa akanyamaza.

"Wa kumi," hakimu akasema.

"Jike... la kijivu."

"La nani?"

 Nje watu walikuwa wanakohoa dirishani.

"La mjomba."

"Mjomba wako yupo hapa?"

Mzee mmoja nyuma akainuka taratibu. "Mimi sijawahi kuwa na ng'ombe wa kijivu," akasema, akakaa.

Hakimu aliandika tisa. Kwa kuwa kulikuwa na watoto watatu, aliamuru warudishwe ng'ombe watatu tu, na ndoa ikavunjwa. Kaka alikuwa na wawili na ndama. Watoto wakubwa wawili walibaki kwa baba yao, kama ilivyo kwetu mahari yakishatolewa. Mdogo aliruhusiwa kwenda na mama hadi afikishe umri wa shule.

Nje ya mahakama tulikula viazi vya kuchemsha vilivyouzwa pale mlangoni. Nilimwomba radhi kwa ajili ya zile karatasi.

"Ungeziacha siku ile nisingekuwa hai kuja leo," alisema. Kisha akauliza kama kutoka Geita hadi Nkome kuna magari kila siku. Nikamwambia sijui. Binti yake mkubwa, wa miaka kama tisa, alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na bibi yake, yule mama wa mtama. Mwanamke alimtazama kwa muda mrefu. Msichana hakuvuka. Lori la Geita lilipofika, kaka alimsaidia kupanda juu ya magunia, akampokeza mtoto, na mimi nikampokeza kifurushi chake. Alikaa akiangalia nyuma, upande alikokuwa binti yake, hadi lori lilipokata kona.